Namna ya kuandika swali la maandishi kwa Waziri ili jibu lisirudi tupu

Msaidizi wa Utafiti aliuliza:

Salaam kwenu wakuu. Ninafanya kazi ya utafiti kwa mbunge mmoja asiye wa chama kinachotawala, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandaa rasimu za maswali anayoyapeleka kwa mawaziri ili yajibiwe kwa maandishi. Katika mkutano uliopita alipeleka maswali kadhaa kuhusu miradi ya maji, na majibu yaliyorudi yalifanana karibu neno kwa neno: Serikali inatambua umuhimu wa maji safi na salama, upembuzi yakinifu umekamilika, utekelezaji utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Ukiyasoma huoni uongo popote, lakini pia huoni kitu cha kwenda kumwambia mpiga kura.

Mojawapo ya maswali yetu lilisomeka hivi: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuhakikisha kuwa miradi ya maji iliyokwama inakamilika kwa wakati na wananchi wanapata maji safi na salama?"

Mheshimiwa mwenyewe sasa amekata tamaa, na anasema ni afadhali nguvu zote zielekezwe kwenye maswali ya ana kwa ana ukumbini, ambako angalau Waziri huonekana akibabaika mbele ya kamera. Mimi bado naamini swali la maandishi lina nguvu yake, ila sina hoja ya kumshawishi. Naomba wenye uzoefu mnieleze: swali la namna hii linaandikwaje hata jibu tupu liwe gumu kuliandika? Na likishajibiwa vibaya, mbunge ana njia gani zaidi ya kulalamika?

Karani Mstaafu alijibu:

Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi inayopokea maswali ya wabunge kabla hayajapelekwa wizarani, kwa hiyo niruhusu nianze na swali lenyewe, maana ugonjwa upo palepale kwenye maneno "ina mpango gani wa kuhakikisha". Ukimwuliza Waziri mpango wake, umemkaribisha ahutubie. Hakuna wizara isiyokuwa na mpango, na hakuna mpango usioweza kuelezwa kwa sentensi tano nzuri. Swali la maandishi halikuwekwa kwa ajili ya kuomba ahadi. Liliwekwa ili taarifa iliyo mikononi mwa Serikali itoke, iandikwe, na ikae kwenye kumbukumbu rasmi kwa jina la Waziri.

Ningeliandika upya hivi: "Kati ya miradi ya maji ambayo Wizara ilitangaza kuwa imekamilika katika kila mwaka wa miaka mitatu ya fedha iliyopita, ni mingapi ilikuwa ikitoa maji tarehe 30 Juni ya mwaka uliopita, kwa mchanganuo wa kila mkoa?" Halafu, kama swali la pili linalojitegemea: "Kwa kila mradi ambao haukuwa ukitoa maji tarehe hiyo, uliacha lini kutoa maji, na ni sababu gani iliyoandikwa katika kumbukumbu za Wizara?"

Tazama kila neno linafanya kazi gani. "Ilitangaza" inamfunga Waziri kwa kauli ya wizara yake, hivyo hakuna tena mjadala wa mradi uliokamilika ni upi. Tarehe inafunga mlango wa "kwa sasa hatua zinachukuliwa". Mchanganuo wa mkoa unazuia wastani wa kitaifa, ambao ndiyo maficho mazuri kuliko yote, kwa kuwa mikoa mitatu inayofanya vizuri inaweza kufunika miwili iliyokufa kabisa. Na sababu "iliyoandikwa katika kumbukumbu" si sawa na "sababu gani" tu: ya kwanza inaomba waraka, ya pili inaomba maoni, na maoni hutungwa usiku wa kuamkia siku ya kujibu.

Nimeyatenganisha kwa makusudi. Swali moja likibeba vipande vitatu vya uzito tofauti, mwandaaji wa jibu atakieleza kile chepesi kwa aya mbili, cha pili atakigusa, na cha tatu atakisahau, na hakuna atakayeweza kusema kwamba swali halikujibiwa.

Kuna swali lingine ambalo wasaidizi wengi huliruka, nalo linapaswa kutangulia yote: je, Wizara inatunza taarifa za miradi iliyoacha kutoa maji baada ya kukabidhiwa, na kama inazitunza, huzikusanya kila baada ya muda gani? Jibu likiwa ndiyo, Waziri hawezi mwezi unaofuata kusema hana takwimu. Likiwa hapana, mmepata jambo zito kuliko takwimu zenyewe, kwamba wizara inatangaza miradi imekamilika na haifuatilii kama bomba linatoa maji.

Kuhusu mipaka, mabunge mengi hukataa maswali ya aina zinazofanana: swali lenye hoja au kejeli ndani yake, swali la dhana tupu, swali linaloomba tafsiri ya sheria, swali juu ya shauri lililo mahakamani, na swali ambalo limekwisha kujibiwa karibuni. Hayo mtayazoea. Linalowaangusha wengi ni sharti la kwamba jambo liwe ndani ya wajibu wa Waziri anayeulizwa. Miradi ya maji ni mfano mzuri, kwa sababu fedha hutolewa na Hazina, ujenzi husimamiwa na wizara ya maji, na uendeshaji mara nyingi huwa mikononi mwa mamlaka za chini. Basi usimwulize mmoja habari za wote. Mwulize Waziri wa Fedha ni kiasi gani kilitolewa kwa fungu la bajeti la miradi hiyo na tarehe zipi. Siku hiyohiyo mwulize mwenzake wa maji ni kiasi gani kilipokelewa na tarehe zipi. Takwimu hizo mbili zisipolingana, hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kukupa habari hiyo, lakini mtakuwa nayo, na imesainiwa.

Mwisho, jueni muda na idadi inayoruhusiwa katika kanuni zenu. New Zealand Waziri ana siku sita za kazi. Ufaransa ni miezi miwili, na tangu 2015 mbunge haruhusiwi kuzidi maswali 52 kwa mwaka. Bunge la Ulaya huruhusu 20 katika kila miezi mitatu, yenye kipaumbele yakijibiwa ndani ya wiki tatu na mengine ndani ya wiki sita. Kanada mbunge anaweza kuwa na maswali manne tu kwenye orodha kwa wakati mmoja, ila akiomba jibu ndani ya siku 45 na lisipokuja, kimya hicho hupelekwa mbele ya kamati. Wabunge hulalamikia ukomo huo. Mimi naona unamsaidia mbunge makini, kwa sababu humlazimisha kuamua anachotaka kujua hasa.

Mwandaaji wa Majibu alijibu:

Mzee Karani amesema kutoka dirisha la Bunge. Mimi nipo upande wa pili, naandaa rasimu za majibu wizarani, na nadhani itawafaa kujua swali lenu linapita wapi.

Likifika, dawati la masuala ya Bunge hulipeleka kwenye idara. Ofisa wa idara, kabla hajafikiri lolote, hutafuta jibu la zamani linalofanana. Swali lenu la "ina mpango gani" lina majibu ya zamani ya kutosha kabatini, kwa hiyo lilikamilika kabla ya chai ya saa nne, na mkurugenzi, mwanasheria na Katibu Mkuu waliweka sahihi bila kugusa mstari. Swali ambalo halina jibu la zamani ndilo linalopanda ngazi likirudi, likipanda tena, na ofisini tunalijua mara moja kwa sababu limetaja waraka wetu wenyewe, ukurasa na mwaka.

Lakini nisingependa muondoke hapa mkiamini kwamba kila jibu hafifu ni hila. Mara nyingi taarifa ipo kwenye madaftari katika ofisi nyingi za chini, na kuikusanya kwa siku chache haiwezekani. Uingereza wameliweka hili wazi: wizara inaweza kukataa kujibu ikiwa gharama ya kutafuta jibu inazidi pauni 850. Mkipewa jibu la gharama au la muda, msikasirike. Punguzeni swali: mkoa mmoja, mwaka mmoja. Likijibiwa, ombeni mkoa unaofuata. Kufika wa tatu, idara yenyewe itaona ni rahisi zaidi kutoa jedwali lote.

Katika jambo moja natofautiana na Mzee. Maswali manne ya mbunge mmoja kwa wizara moja siku moja huangukia meza ya ofisa mmoja, naye atahakikisha yanaafikiana. Njia yake ya kuwagawia mawaziri wawili ni nzuri zaidi, kwa kuwa wizara hazina desturi ya kuonyeshana rasimu isipokuwa pale swali linapoonekana la hatari. Yale ya wizara moja yapelekeni kwa kupishana wiki kadhaa.

Jifunzeni pia kusoma jibu kwa makini kama lilivyoandikwa. "Wizara haina taarifa hizo" si sawa na "Wizara haitunzi taarifa hizo kwa mchanganuo huo". La pili maana yake zipo, ila kwa mpangilio mwingine, na mnapaswa kuuliza ni mpangilio upi. "Hakuna malalamiko rasmi yaliyopokelewa" ina maana malalamiko yasiyo rasmi yamepokelewa, pengine kwa wingi. "Serikali haina mpango huo kwa sasa" imeandikwa na mtu anayefahamu kwamba mpango unajadiliwa. Maneno haya hayaingii kwa bahati; tunayapima kuliko mnavyodhani.

Na kuhusu Mheshimiwa kupendelea ukumbini, namwomba afikirie tena. Kwa swali la ana kwa ana Waziri huingia na jalada la maswali ya nyongeza tuliyoyabashiri, na akibanwa hutoa kauli ya jumla, kiti, yaani Spika, kinaita swali linalofuata, basi. Jibu la maandishi hupitiwa na wanasheria kwa sababu kosa lake halisingiziwi ulimi.

Msomaji wa Hansadi alijibu:

Wenzangu wameeleza ufundi. Mimi ningependa kumjibu Mheshimiwa mwenye kukata tamaa, kwa sababu historia ya maswali haya ina mambo ya kumtia moyo na mengine ya kumtahadharisha.

La kutia moyo ni Helen Suzman wa Afrika Kusini. Kuanzia 1961 hadi 1974 alikuwa mbunge pekee wa chama chake katika bunge la Wazungu watupu la enzi ya ubaguzi, hivyo hakuwa na kura ya kuzuia chochote. Alichofanya ni kuuliza. Wangapi wamekamatwa kwa sheria za vitambulisho vya kutembelea ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba, wangapi wamewekwa kizuizini bila mashtaka, nani amepigwa marufuku, hali ya magereza ikoje. Takwimu za Serikali yenyewe, zilizotolewa bungeni, ziliwafikia waandishi wa habari na wanaharakati ndani na nje ya nchi, na hakuna aliyeweza kusema zimetungwa na wapinzani. Waziri alipomlaumu kwamba anauliza ili kuiaibisha nchi ughaibuni, alimjibu kwamba si maswali yake yanayoiaibisha nchi, bali ni majibu yao. Kwa maoni yangu hakuna utetezi bora zaidi wa kazi hii, na umetolewa na mtu ambaye kwa hesabu za kawaida za siasa hakuwa na nguvu yoyote.

La kutahadharisha ni lile la silaha za Iraq nchini Uingereza. Serikali ilikuwa na mwongozo, uliotangazwa bungeni 1985, wa kudhibiti mauzo ya zana za kivita kwa Iran na Iraq zilizokuwa zikipigana. Baada ya mapigano kusitishwa mwaka 1988, mawaziri waliulegeza mwongozo huo kimyakimya, lakini wabunge waliouliza waliendelea kujibiwa kana kwamba sera haijabadilika. Mambo yalifichuka kesi ya wakurugenzi wa kampuni ya Matrix Churchill, walioshtakiwa kuhusu mitambo waliyoiuzia Iraq, ilipovunjika mwaka 1992, na ripoti ya Februari 1996 ya Jaji Richard Scott, aliyepewa kazi ya kuchunguza jambo hilo, ilionyesha jinsi majibu yale yalivyoandikwa kwa namna ya kutomwarifu aliyeuliza. Machi 1997 mabunge yote mawili yalipitisha maazimio kwamba Waziri anawajibika kutoa taarifa sahihi na za kweli, na anayelipotosha Bunge kwa kujua anatarajiwa kujiuzulu.

Ninachokiona mimi ni kwamba majibu yaliyokuwa ya udanganyifu hayakupotea. Miaka ilipita, na yote yalikuwa palepale yakiwa na tarehe, tayari kwa Jaji kuyalinganisha na nyaraka za ndani. Kauli ya ukumbini ingekuwa na visingizio kumi.

Kuhusu swali la nini cha kufanya jibu likiwa bovu, lipo la kwanza rahisi: uliza tena ukilitaja jibu lile kwa tarehe na namba, na ueleze kipande ambacho hakikujibiwa. La pili ni kuliandikia kiti au kamati inayohusika. Uingereza Kamati ya Taratibu ya Bunge la Wawakilishi hufuatilia wizara zinazochelewa au kujibu ovyo. Kenya, ambako kwa Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge, Ibara ya 153 inamtaka Waziri afike mbele ya kamati akihitajika na kujibu maswali yaliyo ndani ya wajibu wake, kwa hiyo swali la maandishi lisiporidhisha kamati ndiyo mlango wa pili. La tatu ni mahakama, ingawa si kila nchi ina mlango huo. Ujerumani, Novemba 2017, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba Serikali ilivunja haki ya wabunge ya kupata taarifa ilipokataa kujibu ipasavyo maswali yao kuhusu shirika la reli, ambalo hisa zote ni za dola, na kuhusu usimamizi wa mabenki.

Neno moja kwako wewe msaidizi, na usilichukulie vibaya. Mwaka 1994 Uingereza ilikumbwa na kashfa ya wabunge waliotuhumiwa kupokea fedha ili waulize maswali, ndipo ikaundwa kamati ya Nolan ya maadili ya viongozi wa umma. India, Desemba 2005, wabunge 11 walifukuzwa kwa kosa hilohilo baada ya kunaswa na kamera za siri. Rasimu nyingi hutoka kwa watu kama wewe, na watu kama wewe ndio wanaofuatwa na kampuni zenye zabuni. Mkandarasi akikuletea swali lililokwisha kuandikwa vizuri kuhusu mradi wa mshindani wake, mwambie Mheshimiwa limetoka wapi kabla hajatia sahihi.

Msaidizi wa Utafiti alijibu:

Nawashukuru sana, hasa Mzee Karani na ndugu yetu wa wizarani, kwa kunifungulia pande zote mbili za mlango. Nimeshaandika rasimu tatu: moja ya kuuliza kama taarifa zinatunzwa, moja kwa Waziri wa Fedha na moja kwa Waziri wa Maji. Shida iliyobaki ni kwamba mkutano huu wa Bunge unakaribia kwisha na kikao kizima, yaani kipindi chote chenye mikutano kadhaa, kitafungwa karibuni. Nipeleke yote sasa, au nisubiri?

Karani Mstaafu alijibu:

Angalia kwanza kanuni zenu zinasemaje kuhusu maswali yasiyojibiwa kikao kinapofungwa rasmi. Uingereza na Kanada maswali hayo hufa, na mbunge hulazimika kuyawasilisha upya kikao kipya kinapoanza. Wizara zinalifahamu hilo, na swali gumu likipelekwa wiki za mwisho lina bahati mbaya ya kucheleweshwa hadi siku ya kufunga ipite. Kuahirishwa kwa mkutano kwa muda ni jambo jingine, kwa kawaida hakuui swali.

Kama kwenu nako hufa, peleka sasa lile la kwanza peke yake. Ni fupi, hujibiwa kwa ndiyo au hapana, na wizara haina sababu ya kulichelewesha. Mawili ya fedha yaweke tayari, tarehe zake zikiwa zimesahihishwa ili zihusu mwaka wa fedha uliofungwa, na uyawasilishe siku ya kwanza ya kikao kipya, yote mawili kwa pamoja, kabla maofisa hawajapata nafasi ya kuulizana.